Hiyo sebule ina jua la wapi? Uhakiki wa picha moja ya brosha

Mama mdogo wangu alipostaafu alichukua sehemu kubwa ya mafao yake akanunua nyumba ya ghorofani hapa Dar es Salaam, kabla haijajengwa. Alilipa kwa awamu. Muda wote wa kusubiri alikuwa na vitu vitatu mkononi: mkataba, ramani ya nyumba, na brosha yenye picha ya sebule. Hiyo picha aliibandika kwenye friji. Mgeni akifika lazima aoneshwe: "Ona jua linavyoingia sebuleni kwangu."

Funguo alikabidhiwa hatimaye. Nilikwenda kumsalimu mwezi wa pili, saa nne asubuhi, nje jua linawaka mpaka unakunja uso. Ndani, taa ya sebuleni ilikuwa imewashwa.

"Shikamoo mama mdogo. Mbona taa mchana huu?"

"Marahaba mwanangu. Izime uone, utanitafuta kwa kupapasa." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nimewauliza. Wanasema ile picha ilikuwa ya mfano tu."

Ya mfano tu. Ndiyo kauli iliyonifanya nikae chini niandike. Kampuni sitaitaja, maana picha za namna hii zimejaa kwenye mabango na simu zetu, na tatizo ni kubwa kuliko kampuni moja. Ninachotaka ni kuihakiki picha hii kama mtu anavyohakiki filamu: imefanya nini vizuri, imekosea wapi, na kosa lake ni la aina gani. Vifaa vyetu ni fizikia ya mwanga na hesabu za pembetatu za kidato cha nne. Twende.

Kwanza, tuitendee haki

Picha ni nzuri. Nasema hivi bila kejeli. Mtu aliyeitengeneza anaijua kazi yake, na ukitaka kujua kwa nini picha nyingine za kompyuta zinaonekana kama katuni na hii haionekani hivyo, angalia sakafu.

Vigae vilivyo karibu na miguu yako kwenye picha havina mng'ao mkubwa, unaona rangi yake ya kijivu. Vile vya mbali, karibu na mlango wa roshani, vinang'aa kama maji. Hivyo ndivyo vigae vya kweli vinavyofanya. Mwanga ukipiga kioo au kigae kilichong'arishwa kutoka juu kabisa, kama asilimia 4 tu ndiyo inayorudi kama kwenye kioo cha kujitazamia. Ukija kwa kulala, karibu wote unarudi. Mfaransa Augustin-Jean Fresnel aliieleza tabia hii kwa hesabu karne ya 19, na leo kila programu nzuri ya kazi hii inayo ndani yake. Mchoraji mvivu anaweka mng'ao uleule sakafu nzima. Jicho lako halijui fizikia, ila linanusa uongo papo hapo.

Angalia pia kona za meza. Hakuna meza duniani yenye ukingo mkali kabisa. Ukingo wa kweli umeviringika kidogo, hata kama ni nusu milimita, na hapo ndipo unapopata ule mstari mwembamba wa mwanga. Kwenye picha yetu upo. Mbao za kabati nazo haziakisi mwanga sawasawa kila mahali: sehemu zimelainika, sehemu zina chengachenga. Kitambaa cha sofa kina mikunjo pale mtu angekalia. Kwa upande wa vitu, picha inapata alama za juu.

Basi kosa liko wapi? Liko kwenye mwanga. Ila kabla ya hapo, historia kidogo.

Sanduku la Cornell

Mwaka 1984, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Cindy Goral, Kenneth Torrance, Donald Greenberg na Bennett Battaile, walichapisha njia ya kukokotoa jinsi mwanga unavyoruka kutoka ukuta hadi ukuta. Mfano wao ulikuwa sanduku dogo lenye kuta za rangi. Jambo lililowashangaza watu lilikuwa kwamba ukuta mwekundu ulimwaga wekundu wake kwenye ukuta mweupe wa jirani. Simama na kanga nyekundu kando ya ukuta mweupe wenye jua uone: ukuta unaona haya.

Miaka miwili baadaye, 1986, James Kajiya wa Taasisi ya Teknolojia ya California aliweka jambo zima kwenye mlinganyo mmoja. Kwa maneno ya nyumbani unasema hivi: mwanga unaotoka kwenye nukta yoyote ni ule inaoutoa yenyewe, kujumlisha sehemu ya mwanga wote inayoupokea kutoka kila upande na kuurudisha. Lakini mwanga inaoupokea umetoka kwenye nukta nyingine, nazo zimeupata kwingine, na kwingine. Kompyuta inafuatilia miale mamilioni, mmoja mmoja, hadi picha itulie. Programu kama V-Ray na Blender zinafanya kazi kwa msingi huo.

Sasa sikiliza hili. Lile sanduku la Cornell halikuwa kwenye kompyuta tu. Walilijenga kweli. Mwaka huohuo wa 1986 kundi la Cornell lilichapisha jaribio ambamo watu waliangalia, kupitia kamera, sanduku lenyewe na picha yake iliyokokotolewa, kisha wakaulizwa ipi ni ipi. Hawakuweza kutofautisha kwa uhakika. Yaani neno "halisi" lilikuwa na maana moja ngumu: picha inafanana na kitu kilichopo pale, chini ya taa ile.

Sebule ya mama mdogo haikuwepo bado. Hakukuwa na sanduku la kulinganisha. Basi mchoraji akalinganisha na nini? Nadhani alilinganisha na picha nyingine nzuri za sebule. Ushahidi uko sakafuni.

Tuhesabu vigae

Brosha inasema vigae ni vya sentimita 60 kwa 60. Nikavihesabu. Jua kwenye picha linaanzia kizingiti cha mlango wa kioo wa roshani na kuishia kigae cha sita na nusu, yaani kama mita 3.9 ndani. Mlango, kwa mujibu wa ramani, una kimo cha mita 2.1. Hapo una pembetatu tayari: kimo 2.1, kitako 3.9. Gawanya, unapata tanjenti ya 0.54, ambayo ni pembe ya nyuzi 28. Kwa hiyo jua la picha liko nyuzi 28 juu ya upeo wa macho, na linaingia limenyooka, halijaegemea kushoto wala kulia.

Chukua ramani sasa. Mshale wa kaskazini unaonesha kwamba mlango ule unatazama kaskazini. Jua likiingia limenyooka kupitia mlango wa kaskazini, lazima liwe kaskazini kamili, na hilo kwa hapa Dar hutokea adhuhuri tu, wakati jua limefika juu kabisa kwa siku hiyo.

Dar es Salaam iko latitudo nyuzi 6.8 kusini. Jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba. Miezi mingine linapita kusini, na mlango huu haulioni adhuhuri hata kidogo. Siku ambayo linakuwa chini zaidi upande wa kaskazini ni karibu na Juni 21, na hata hapo liko nyuzi 60 hivi: 90, toa 6.8, toa 23.4 za kuinama kwa dunia. Kwa nyuzi 60, jua lingeingia mita 1.2. Vigae viwili, si sita na nusu.

Na bado nimesahau kitu. Juu ya roshani ya mama mdogo kuna roshani ya jirani wa juu. Inatokeza mita 1.5, na iko mita 2.7 juu ya sakafu. Ukiiingiza kwenye hesabu, jua la adhuhuri la Juni linaingia ndani sentimita 7 hivi. Saba! Hata paka hapati pa kuota jua. Kwenye picha, roshani ya jirani haipo. Imeondolewa kimyakimya.

Utaniuliza, na jua la asubuhi? Juni linachomoza kaskazini-mashariki, kweli, na linaweza kuchungulia. Lakini linakuja kwa ubavu: linapochomoza, kwa kila mita moja linayoingia ndani linasogea zaidi ya mita mbili pembeni, linagonga ukuta wa upande na kuishia hapo. Haliwezi kuchora ule mstatili ulionyooka katikati ya sebule.

Kwa hiyo jua la ile picha halijawahi kuingia kwenye ile nyumba, na halitaingia, siku yoyote ya mwaka wowote. Ni la wapi basi? Programu ya SketchUp, ambayo wasanifu wengi wanachorea, ilizaliwa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Kwa miaka mingi ukifungua modeli mpya ilikuwa imewekwa huko huko, latitudo 40 kaskazini, mpaka uibadilishe mwenyewe. Adhuhuri ya mwanzoni mwa Desemba Boulder, jua liko nyuzi 28. Sisemi ndicho kilichotokea. Huenda mchoraji aliliburuta jua kwa mkono mpaka likapendeza. Tena Boulder jua la adhuhuri liko kusini, kwa hiyo hata kama mpangilio ndio ulioponza, kaskazini nayo ilisahauliwa. Vyovyote ilivyokuwa, tunaangalia jua la nchi yenye baridi, ambako mtu anafurahi likimfikia miguuni.

Ukuta mweupe kupita kiasi

Kosa la pili ni gumu kuliona. Angalia kona iliyo nyuma ya sofa, kama mita tano kutoka mlangoni. Inang'aa karibu sawa na ukuta wa mlangoni. Chumba chenye uwazi upande mmoja tu hakifanyi hivyo, mwanga hupungua haraka unavyokwenda ndani. Sasa kumbuka sanduku la Cornell. Sofa ni la kijani kibichi na limeegeshwa ukutani, lakini ukuta mweupe hauna hata dalili ya ukijani. Mwanga wa mlango ungegonga sofa na kuupaka ukuta. Haukuupaka, kwa hiyo kuna mwanga mwingine uliouzidi nguvu. Kuna njia mbili za kufika hapo, na inawezekana zimetumika zote.

Ya kwanza ni taa isiyoonekana. Kwenye programu unaweza kuning'iniza bamba la mwanga nyuma ya kamera, likaangaza chumba lenyewe lisionekane. Wapiga picha wa kweli nao wanaleta taa zao, sikatai. Ila wao wakiondoka na taa, chumba kinabaki.

Ya pili ni rangi ya ukuta. Rangi nyeupe ya kawaida, ikiwa safi, inarudisha kama asilimia 80 hivi ya mwanga. Kwenye programu unaweza kuandika namba yoyote, na 95 inaonekana si tofauti kubwa. Ni kubwa mno. Chukua chumba kilichofungwa chenye rangi moja pande zote, washa taa ya mwanga wa vipimo 100. Kwa ukuta wa asilimia 80, mruko wa kwanza unabaki na 80, wa pili 64, wa tatu 51, na kuendelea. Jumlisha zote pamoja na ile 100 ya mwanzo, unapata 500. Kwa ukuta wa asilimia 95 jumla ni 2000. Umeongeza asilimia 15 za weupe, umepata mwanga mara nne! Sebule yenye fanicha na mlango haifiki huko, lakini mwelekeo ni uleule. Ndiyo maana kuta za picha hazina kona. Weupe umekula vivuli vyote.

Halafu kuna vilivyokosekana. Dirisha la pembeni halina nondo. Hakuna wavu wa mbu mahali popote. Darini hakuna panga boi. Hakuna pazia zito, hakuna soketi, hakuna ukuta wa jengo la pili ambalo ramani ya kiwanja inaonesha liko ng'ambo tu. Kila kimoja kati ya wavu, nondo na jengo la pili kinakula mwanga. Mama mdogo amevipata vyote vitatu.

Picha iliyolidharau jengo

Hapa ndipo uhakiki wangu ulipogeuka, nikiri. Nilianza nikiwa na hasira na jengo. Baada ya hesabu ile ya sentimita 7 nikaliangalia upya.

Roshani inayozuia jua la adhuhuri mwaka mzima si bahati mbaya. Ni usanifu mzuri. Dar jua likiingia sebuleni vigae sita linaingia na joto lake lote, na hilo joto utalitoa kwa feni na kiyoyozi, yaani kwa LUKU. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zina kuta nene, na vyumba vinapata mwanga wa uani unaorukaruka kwenye chokaa nyeupe. Soko Kuu la Kariakoo la miaka ya 1970, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilikuwa na paa la miavuli mikubwa ya zege. Pwani yetu ilijua kwamba kivuli ni mali. Msanifu wa jengo la mama mdogo alijua pia, na alimpa kivuli. Mchoraji wa picha akamnyang'anya kivuli kile akampa jua la Boulder.

Kwa hiyo kosa la picha ni mara mbili. Imeficha udhaifu wa nyumba, yaani giza la saa nne asubuhi linalotokana na jengo la jirani. Na imeficha ubora wake pia. Angetokea mchoraji akachora ile sebule adhuhuri ya Februari, nje kunawaka nyeupe, ndani sakafu ni ya baridi, mwanga mwororo umegonga sakafu ya roshani na kupanda darini, mimi ningeinunua. Ingekuwa picha ngumu zaidi kuitengeneza, maana kutengeneza nusu giza linalopendeza kunahitaji jicho. Mwanga mwingi unaficha makosa mengi.

"Lakini ni ya mfano tu"

Tuwasikilize upande wa pili. Mchoraji ana bosi, bosi anataka mwanga, na picha yenye giza haiuzi. Pia wataniambia kwamba kila tangazo linapamba.

Kuna mfano unaotusaidia kupima hoja hii. IKEA, kampuni ya fanicha ya Sweden, iliingiza kiti cha kwanza cha kompyuta kwenye katalogi yake mwaka 2006. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya picha zake za bidhaa zilikuwa za kompyuta. Sioni kama kuna aliyedhulumiwa, kwa sababu ukinunua kiti unaletewa kiti kilekile. Kiti ni kiti, Stockholm au Temeke. Chumba hakiko hivyo. Mwanga wa chumba ni sehemu ya bidhaa, na unategemea latitudo, mwelekeo, na jirani. Ukibadilisha hivyo umechora nyumba nyingine.

Na kusahihisha hakukuhitaji kompyuta mpya. Kunahitaji namba mbili za mahali, mshale wa kaskazini uliogeuzwa sawasawa, na roshani ya jirani irudishwe. Dakika chache. Programu ileile iliyotumika kudanganya ndiyo ingesema kweli.

Nilijaribu mwenyewe. Nilichora sebule ile kwenye Blender kwa kutumia ramani yake, nikaweka Dar es Salaam, kaskazini, roshani ya juu, jengo la pili kama boksi la kijivu, kuta asilimia 80, wavu mlangoni. Vitu vyangu si vizuri kama vya mwenzangu, sofa langu linafanana na mkate. Nikamtumia mama mdogo kwenye simu bila maelezo.

Akapiga palepale. "Umeipiga lini hii? Mbona sofa si langu?"

Nikamweleza kwamba sikuipiga, nimeikokotoa. Akanyamaza kidogo.

"Kumbe inawezekana," akasema. "Ungenionesha hii mwanzoni ningenunua tu, mwanangu, nyumba ina ubaridi mzuri. Ila ningechukua ghorofa ya juu. Bei ilikuwa ileile."

Ghorofa ya juu haina roshani ya jirani kichwani, na inaliona anga juu ya jengo la pili. Nilirudia hesabu: kona ya sofa inapata mwanga wa kutosha kusoma gazeti. Ukiwa na brosha yako nyumbani, anza kwa kuhesabu vigae, kisha uliza kaskazini iko wapi. Kabla ya awamu ya kwanza, siyo baada ya ya mwisho.